Nani mwenye 105?

Umeme ulikuwa ndo umerudi. Feni inaanza kuzunguka taratibu, bi mkubwa, mama mkwe wangu, chumbani kwake anamshukuru Mungu kwa sauti, watoto wa jirani wanashangilia kama kawaida yao, na mi nimekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki nasoma kwenye simu logi za rauta, yaani ile orodha ambayo kile kiboksi cha waifai kinaandika kila kinachotokea. Mtu mwenye akili timamu umeme ukirudi anawahi kuchaji simu kabla haujakatika tena. Mi nasoma logi.

Na ule mstari ulikuwepo tena, juu kabisa.

Unasema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba anwani 192.168.1.105, moja ya namba ambazo rauta inavigawia vifaa vya waifai, imekutwa ina mwenyewe. Mbele yake kuna anwani ya MAC ya kifaa kimoja, yaani utambulisho wa kifaa chenyewe, zile tarakimu na herufi kumi na mbili, halafu muda: 03:00:52. Ilikuwa mara ya saba ndani ya mwezi huo, na zote saba, nilizihesabu kwa kidole, ziko palepale kwenye 03:00 na sekunde kadhaa.

Saa tisa usiku.

Sasa nani anaingia kwenye waifai ya mtu saa tisa usiku? Saa hizo huku Magomeni ya Mtwara hata mbwa wameshachoka kubweka, anayekuwa macho ni mvuvi, mlinzi na mwenye nia mbaya. Mvuvi hana shida na waifai yangu.

Hii kitu imenikaa kichwani wiki ya sita sasa, ndo maana naiandika.

Anayeniita mjomba

Tabia ya kusoma logi niliipata Mei 2024. Mnakumbuka mwezi ule, kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni, barabara ya Dar imekatika, tunajipanga kupumua, mara nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika na intaneti ikawa ya kuomba kwa dua. Nilikuwa nashinda kwenye kurasa za rauta nikitafuta kosa ambalo halikuwa la kwangu. Intaneti ikarudi, tabia ikabaki. Na mtaani naitwa fundi, watu wananiletea simu zilizoingia maji na laptopu zilizojaa virusi, sasa ukishaitwa fundi unaanza kuamini kwamba kila unachokiona unakielewa.

Jirani yetu ana kijana, amemaliza form six mwaka huu. Mi na yeye hatuna undugu wowote lakini ananiita mjomba tangu akiwa na kaptula ya shule, na huku kwetu kusini mjomba sio neno la kutaniana, mnajua wenyewe. Paswedi ya waifai nilimpa mimi kwa mkono wangu. Alikuwa anamsaidia mke wangu kubeba rimu za karatasi pale steshenari yetu ya chumba cha mbele, na mi nikaona nimpe kijana intaneti kuliko kumpa elfu moja.

Mara mbili tatu alishaniambia, "Mjomba, umeme ukirudi waifai yako inanizungusha kwanza, inakaa weee ndo inaingia."

Nikamjibu kama fundi. Nikamwambia akiona inazunguka anunue bando.

Basi nikachukua ile MAC ya kwenye mstari nikaenda kuitafuta. Kwa kawaida zile sita za mwanzo zinakuonyesha kiwanda kilichotengeneza kifaa, ni kama kumjua mtu kwa ukoo wake. Hii haikuwa na kiwanda. Nikatafuta sehemu nyingine, hamna. Kifaa hakina ukoo.

Hapo moyo ulinipiga paa. Nikasema huyu anajificha, na kwenye mtaa huu mwenye ujanja wa kubadilisha vitu kwenye simu ni mmoja tu, mi mwenyewe nilishamfundisha baadhi.

Kati ya ile mistari saba, miwili ilikuwa na MAC tofauti. Niliiona. Nikairuka. Siwezi kusema sikuiona, niliiona kabisa na nikajiambia hiyo ni bahati mbaya tu, maana mitano ilikuwa inasema ninachotaka kusikia.

Barazani

Kesho yake jioni amepita, sisi tuko barazani watu watatu, kahawa ipo, kashata zipo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi we saa tisa usiku unafanyaga nini kwenye waifai yangu?"

"Saa tisa? Mjomba, saa hizo si nimelala."

"Umelala wewe. Simu yako haijalala."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, halafu akaniangalia akaona sicheki, akaacha. Akatoa simu mfukoni, akafungua ile ya kidole, akaninyooshea. "Angalia basi mjomba."

Sikuipokea.

Mkono wake ulikaa hewani kidogo, simu inawaka, kioo kimepasuka pembeni na kuzibwa na selotepu. Mi nikachukua kikombe changu. Akairudisha mfukoni akaondoka na kile kicheko cha nusu.

Nimejiuliza sana, je, ningeipokea? Mwanzoni nilikuwa najifariji kwamba ningeiangalia ningeona hana kosa. Uongo. Ningeiangalia ningekuta MAC ni ileile ya kwenye logi, herufi kwa herufi, maana ilikuwa simu yake kweli. Ningemmaliza palepale mbele ya watu, tena na ushahidi mkononi.

Kukatulia

Usiku ule nikabadilisha paswedi, na jina la mtandao pia, ili ajue.

Nusu saa baadaye nafungua orodha ya vilivyoungwa, nakuta vifaa vitatu sivijui. Vitatu! MAC mpya, zote hazina kiwanda. Nikajisemea wamekuja na kikosi. Nikakifungia kimoja papo hapo.

Bi mkubwa akapiga kelele chumbani kwamba mawaidha yake yamekatika.

Kumbe vile vitatu ni simu yangu, ya mke wangu na ya mama mkwe wangu. Ndo nikaenda kusoma, usiku wa manane, jambo ambalo fundi alitakiwa alijue zamani: tangu Android 10 ya mwaka 2019, na iPhone tangu 2020, simu haitoi MAC yake ya kiwandani kwenye waifai, inajitungia nyingine, na kila jina la mtandao inalitungia yake. Ukibadilisha jina la mtandao, simu zote zinakuja na sura mpya. Ni kama watoto wanavyotoka jandoni, mtoto ni yuleyule, ukimwita jina la zamani haitiki. Na alama yake iko wazi tu ukiijua, herufi ya pili ya MAC ikiwa 2, 6, A au E, basi hiyo ni ya kujitungia. Ya dogo ilikuwa na E.

Kwa hiyo hakuwa anajificha. Simu yake ilikuwa inafanya kilekile simu yangu inafanya.

Ungedhani hapo nilienda kumwomba radhi. Sikwenda, kwa sababu moja: tangu siku ile onyo likaacha kutokea. Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi, logi safi. Ijumaa, safi. Wiki mbili nzima safi. Nikasema sawa, labda hakuwa anajificha, lakini alikuwa yeye. Ametoka, kumetulia. Unataka ushahidi gani tena?

Nililala vizuri zile wiki mbili. Hilo nalo linaniuma.

Mgeni kutoka Newala

Halafu akaja shangazi yake mke wangu kutoka Newala, kwa ajili ya ngoma ya mtoto wa ukoo. Mama wa miaka sitini na kitu, simu kaizungushia raba bendi, anaitumia kupokea picha za wajukuu na kupiga simu kwa sauti ambayo hata bila simu wangemsikia Newala. Mke wangu akamuunga kwenye waifai.

Siku ya pili umeme ukakatika mchana, ukarudi jioni.

Logi: 192.168.1.105. Saa tisa usiku. MAC ya shangazi.

Nilikaa kimya nikiangalia mlango wa chumba alicholala. Yule mama saa tatu usiku anakoroma. Na hiyo saa tisa usiku ni ya lini, wakati mstari uko juu kabisa na juu ndo huwa pana mpya, na saa hizi ni jioni? Jana yake usiku logi nilishazisoma, haukuwepo.

Nikawasha laptopu. Kwenye simu lile jedwali ni pana, safu ya kushoto ilikuwa inajificha mpaka uivute. Kwenye laptopu ikaonekana yote. Safu ya kushoto ni tarehe.

1 Januari.

Zote. Mistari yote ya saa tisa usiku ni ya tarehe 1 Januari, na sisi tuko mwezi wa nane.

Rauta haina betri ya saa. Umeme ukikata, inasahau leo ni lini, na ikiwaka inaanza kuhesabu upya kutoka pale kompyuta nyingi za dunia zinapoanzia kuhesabu, 1 Januari 1970, saa sita kamili usiku kwa saa ya dunia, UTC. Kwetu huku tunaongeza masaa matatu. Inakuwa saa tisa usiku. Mpaka intaneti irudi ndo inaulizia saa sahihi kwa wenzake na kujirekebisha. Kwa hiyo 03:00:52 maana yake ni sekunde hamsini na mbili tangu umeme urudi, basi. Kijana wa watu nilimuuliza barazani anafanyaga nini saa ambayo haipo.

Hodi

Sasa ilibidi nikae chini nisome kama mwanafunzi. Na huku ndo nilikokuta kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha na kunichoma pamoja.

Vifaa kwenye waifai ya nyumbani vinatafutana kwa kupiga kelele. Sikutanii, utaratibu unaitwa ARP, ni wa mwaka 1982, na ukiuchungulia kwa programu za kunasa mawasiliano unaona vinaulizana hivyohivyo: nani mwenye 105? Mwambie 1, yaani rauta. Mwenye nayo anajibu, ni mimi, na MAC yangu ni hii. Anayejibu anaaminiwa. Hakuna kitambulisho wala mjumbe wa nyumba kumi.

Halafu mwaka 2008 ukaandikwa utaratibu kamili wa kuepuka wajina. Kifaa kikipewa namba, kabla hakijaanza kuitumia kinatakiwa kiulize kwanza kama ina mwenyewe, na kinauliza mara tatu.

Hodi mara tatu, jamani!

Tofauti ni kwamba sisi ukipiga hodi tatu hujajibiwa unarudi zako. Vyenyewe visipojibiwa ndo vinaingia. Vikijibiwa vinajua humu mna mtu, vinarudi kwa rauta kusema hii namba uliyonipa ina mwenyewe, nipe nyingine. Na rauta inaandika kwenye logi. Inaandika MAC ya nani?

Ya aliyekuja kusema.

Nilisoma hiyo aya mara nne. Kituoni huyo anaitwa mlalamikaji. Ule mstari wa logi ulikuwa malalamiko, na jina lililokuwa juu yake ni la aliyelalamika, na baada ya kulalamika kifaa kinatakiwa kisubiri walau sekunde kumi kabla ya kuomba tena, ndo ile "inanizungusha kwanza mjomba". Alishaniambia kwa mdomo. Simu yake ikaniambia kwa maandishi. Mi nikachukua fomu ya mlalamikaji nikamkamata nayo.

Mwenyeji wa 105 hakuwahi kutajwa popote.

(Rafiki yangu mmoja fundi mwenzangu aliniambia labda ni rauta ya jirani wa pili, maana nayo ni 192.168.1.1 kama yangu. Hapana. Namba za 192.168 zilitengwa ziwe za kila mtu, kwa utaratibu ulioandikwa 1996, nyumba zote mtaani zinazo na hazigusani, kama kila nyumba inavyoweza kuwa na chumba cha uani.)

Karatasi

Nikazima waifai kwenye simu zote, ya shangazi nilimwomba kwa adabu. TV nikachomoa. Ikabaki laptopu peke yake, nikaipigia pingi 105, yaani kuiita nione kama kuna anayejibu.

Ikajibu.

Haraka kabisa, bila wasiwasi, kama mtu aliyekaa kwake. Nikaamuru laptopu inionyeshe MAC ya aliyejibu. Hii ilikuwa na kiwanda. Kiwanda cha printa.

Nikaenda chumba cha mbele. Ile printa ya mke wangu inakaa kwenye meza iliyosogezwa ukutani, imetoa fomu za vyuo, mikataba ya mashamba ya mikorosho, kadi za michango ya ngoma, inaunguruma ikiamka kama pikipiki yenye plagi chafu. Swichi yake hatuizimi, umeme ukirudi nayo inaamka yenyewe. Nikaivuta mbele ili nigeuze nione stika ya chini, wino ukanimwagikia kidole, na upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, kuna kipande cha karatasi ya daftari kimebandikwa kwa selotepu iliyogeuka njano.

192.168.1.105. USIBADILISHE.

Mwandiko wangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Si wewe uliyeniandikia, mwaka ule printa ilikuwa inapotea?"

Ni mimi. Printa ilikuwa inapewa namba mpya kila ikiwaka na laptopu inaikosa, nikaipa ya kudumu kwa mkono, nikachagua 105 kwa sababu rauta ya wakati ule iligawa kuanzia 2 mpaka 50, kwa hiyo 105 ilikuwa mbali, porini, hakuna atakayefika. Mwaka huu mwezi wa sita tumebadilisha rauta. Mpya inaanza kugawa kuanzia 100, kwa foleni, anayewahi anapewa 100, wa pili 101, na haijisumbui kuuliza kama kuna mtu, inagawa tu. Nyumba yetu ina vifaa vitano vya kuomba namba: simu tatu, laptopu na TV. Vitano vinaishia 104.

Wa sita ndo anapewa 105.

Na wa sita mara nyingi ni aliye mbali na rauta, upande wa pili wa ukuta. Ile mistari miwili niliyoiruka, siku hizo kijana aliwahi, simu ya mke wangu ikawa ya sita. Nilipomfungia, kukatulia kwa sababu hakukuwa na wa sita tena. Angekuwa imamu angekuta hivyohivyo. Shangazi ametoka Newala na raba bendi yake, akawa wa sita.

Kurekebisha kulichukua dakika nne. Printa nikairudisha iombe namba kama wenzake, halafu kwenye rauta nikaandika MAC yake nikaitengea 192.168.1.20, nje kabisa ya foleni. Umeme umekatika mara nyingi tu tangu siku ile, logi hazina kitu. Karatasi nimeibandua. Sijaitupa, iko kwenye mfuko wa begi la laptopu, sijui kwa nini.

Nyumba ya pili

Nilienda kwa jirani baada ya alasiri. Mama yake alikuwa anapepeta, akaniletea kigoda. Nikaulizia kijana.

"Yupo Masasi. Alikuwa na zile mambo zake za kuomba chuo, anasema huku mtandao shida. Nikamwambia nenda basi kwa mjomba wako."

Mjomba wake. Wa damu.

Nikamweleza mama wa watu, nikaanza na rauta na namba, nikaona simwelezi kitu, nikasema tu kwamba kijana nilimsingizia mbele ya watu na haikuwa kweli. Akaendelea kupepeta kidogo. Akasema, "Alikuja siku ile hakula." Halafu akasema hayo yamepita baba, na akaniuliza kama printa ya mke wangu inatoa na picha za paspoti. Nikamwachia karatasi ya paswedi mpya, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Wale wawili wa barazani nao nimewaambia. Mmoja alicheka, mwingine alisema yeye hata hakumbuki.

Wiki iliyopita kijana amerudi. Nilikuwa nje nafunga steshenari, akapita na baiskeli, akapunguza mwendo. "Shikamoo," akasema, ikaishia hapo. Nikaitika. Nikataka kumsimamisha, akawa ameshafika kona.

Umeme jana ulikatika saa kumi na mbili, ukarudi kama saa mbili usiku. Nikafungua orodha ya vilivyoungwa kwenye laptopu, safu zote zinaonekana, nikasubiri mpaka tarehe ikajirekebisha. Vifaa sita. Vyote navijua.